Ujira Usiofika Nyumbani

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii tumelelewa nayo visiwani na mwambao mzima, na daima imeelekezwa kwa mgema. Yeye ndiye mwenye kukanywa asije akaleweshwa na sifa. Sijapata kuisikia ikimgeukia msifuji hata siku moja, wala sijamsikia mtu akiuliza sifa zile zilikuwa badala ya nini. Huenda mgema alikuwa hajalipwa.

Naianza makala hii hapo kwa sababu swali nililo nalo ni jamaa wa methali hiyo. Manju akitoka kijiji hadi kijiji na ala yake begani, akaimba, wasikilizaji wakafurahi, wakamlipa kwa kumjazia kopo, kisha alfajiri akaokotwa kando ya njia hajijui, ulevi ule ni wa nani? Watu wetu hujibu haraka: ni wake, mdomo ni wake. Mimi nami nilikuwa na jibu hilohilo mpaka siku niliyofika Kikuyu.

Kikuyu ninayoitaja si nchi ya Wakikuyu chini ya Mlima Kenya. Ni sehemu ya mji wa Dodoma, penye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilichofunguliwa mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo. Nilikuwapo huko mwezi wa Agosti mwaka 2009, wakati upepo wa uwanda wa kati unapochukua vumbi jekundu na kulitia hata ndani ya chai. Shughuli yangu haikuhusu muziki. Nilikuwa nangoja karatasi igongwe muhuri, na mwenye kungoja muhuri ana jioni nyingi za bure. Jioni moja mwenyeji wangu akanichukua kwenye kilabu cha pombe za kienyeji, akisema, "Wewe mtu wa mashairi, njoo usikie zeze." Mimi si mnywaji. Nilikaa na soda yangu kama shahidi asiyeitwa.

Mpiga zeze alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mwembamba, suruali imekunjwa hadi muundini kwa ajili ya mnyororo wa baiskeli. Baiskeli yenyewe ilikuwa imeegemea ukuta, na nyuma yake mlikuwa na mkeka uliosokotwa, dumu la maji na mfuko wa zeze. Alitusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akakaa kwenye kigoda, akaweka kibuyu cha zeze tumboni na kuanza kukaza nyuzi bila haraka, kana kwamba sote tulikuwa tumekuja kumtazama akikaza nyuzi. Kisha akapiga. Sitajaribu kuieleza sauti ile. Zeze la Wagogo linakwaruza kabla ya kuimba. Masikio yaliyozoea fidla ya taarabu hudhani mpigaji anakosea, na baada ya nyimbo mbili tatu hudhani fidla ndiyo iliyokuwa ikificha kitu.

Baina ya nyimbo alisimulia. Alikuwa akizifuata siku za minada: Jumamosi yupo Msalato, siku nyingine upande wa Chamwino, na msimu wa mavuno huteremka Mvumi na vijiji vya mbele yake, au hupanda hadi Kondoa kwa ile Barabara Kuu ya Kaskazini ambayo wakati huo ilikuwa bado vumbi na mawe. Barabara kuu, alisema, ni ya wenye magari. Yeye alipita njia za ng'ombe. Alijua makorongo yapi yana mchanga wa kushika gurudumu na yapi hufurika ghafla mvua ikinyesha mbali usikoiona. Mara moja, alitusimulia, aliukesha usiku ndani ya mbuyu wenye shimo pamoja na mchunga mbuzi waliyekuwa hawafahamiani, fisi wakizunguka nje, naye akapiga zeze mpaka kulipopambazuka, si kwa ushujaa bali kwa kuwa mchungaji alikuwa mtoto naye alikuwa akilia. Mara nyingine baiskeli ilipasuka mpira akaisukuma siku nzima, na watu wa kijiji alichofika wakamwambia kuwa arusi aliyoitiwa ilikuwa jana. Watu walicheka mpaka machozi. Na kila kisa kilipokwisha, mkono fulani ulinyooka na kopo.

Nami, msomaji mpenzi, niliunyoosha mkono wangu. Siku zile pombe kali iliuzwa katika vifuko vya plastiki vilivyoitwa viroba, kimoja kwa bei ya vitafunwa. Mwenyeji wangu alininong'oneza kwamba mzee akipata kiroba huimba nyimbo ambazo haimbi kwa pombe ya kawaida. Nilizitaka nyimbo zile. Nikanunua viwili, nikapeleka kwa mikono miwili, kwa adabu zote za Kiunguja.

Alivipokea, akavitazama, akaniambia kwa upole, "Ahsante, mwanangu. Pombe nimepewa tangu saa nne ya asubuhi. Chumvi ndiyo sijampata wa kunipa."

Watu wakacheka tena, wakidhani ni utani mwingine. Na yeye akacheka nao, akakirarua kiroba kwa meno, akaimba. Nyimbo zilikuwa nzuri kama nilivyoahidiwa. Ndilo linalonisumbua hadi leo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiipima ile kauli ya chumvi. Pombe ni zawadi ya namna ya pekee: haibebeki kwenda nyumbani. Ukimpa mtu unga, unga hupita mikono yake ukafika kwa mkewe na wanawe. Ukimpa shilingi, ana hiari. Ukimpa kopo, umemlipa hapohapo na hapohapo ujira umetoweka, umeishia katika mwili wake, na tena umemfanya awe tayari kwa wimbo unaofuata. Mtoaji amepata mara mbili. Aliye nyumbani, ambaye mume au baba yake amekwenda kazini siku tatu, hakupata kitu, na juu ya hayo atapokea mtu aliyelewa.

Yamkini atatokea mtu aseme kwamba nasema kwa ujinga wa mtu wa pwani, na kwamba Wagogo wana ujimbi wao tangu zama na zama, na pombe ya mtama kwao ni chakula na ni heshima. Ni kweli, na sharti niiseme haki hiyo. Pombe ya kazi, inayopikwa na akina mama siku kadhaa na kunywewa na waliokuja kulima au kujenga, haikuwa mshahara. Ilikuwa karamu. Aliyekunywa leo kwa jirani naye atapika mwezi ujao, na mpiga zeze aliyeitwa alikuwa mgeni wa nyumba: alilala, alikula, aliondoka na kitu mkononi. Kopo lilikuwa moja ya vitu vingi. Kilabu kilipokuja, na pombe ikawa ya kuuzwa, yale mengine yote yakaanguka kimyakimya na kopo likabaki peke yake, likijiita desturi.

Na hili si la Dodoma tu. Ramu, ile pombe kali ya miwa ambayo dunia huihusisha na visiwa, mabaharia na magitaa, ilizaliwa katika mashamba ya miwa ya Karibi yaliyolimwa na watumwa, kwa kuchachusha molasi iliyobaki baada ya kutengeneza sukari. Jeshi la majini la Uingereza liliwagawia mabaharia wake kipimo cha ramu kila siku kwa karne na zaidi, likaacha tarehe 31 Julai 1970. Katika mashamba ya mizabibu ya Afrika Kusini vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, desturi ambayo athari zake kwa watoto waliozaliwa na mama waliokunywa bado madaktari wanazihesabu. Popote ulipoona mtu analipwa kwa kinywaji, tazama vizuri, utaona mtu ambaye mwajiri wake hataki afike mbali. Sisi nasi tuna miwa yetu. Mashamba ya Pangani yalikuwa maarufu kwa sukari karne ya kumi na tisa, na Konyagi inayotengenezwa Dar es Salaam ni binamu wa ramu hiyohiyo, ingawa jina limekopwa kwa mvinyo mkali wa Wafaransa.

Ramu imeimbwa sana. Mwanamuziki wa nchi za joto, mwenye kofia ya ukili na gitaa, anayezunguka njia za vichochoro, leo hapa kesho kule, chupa mkononi: hiyo ni picha inayouza. Wala sidhani imebuniwa na wageni peke yao. Na sisi tuna Fumo Liyongo wetu. Tunampenda Liyongo wa gungu, aliyeomba mkate wa wishwa ukafichwa tupa ndani, akaikata minyororo huku ngoma nje zikivuma zisisikike kelele za chuma. Tunampenda alipokuwa porini, hana makazi. Lakini katika kisa chake mna jambo ambalo aghalabu tunalipita mbio. Waliotaka kumuua walimwalika kula kikoa. Walikwenda kwenye mkoma, kila mtu kwa zamu yake apande awaangushie wenzake matunda, na zamu ya Liyongo ndiyo waliyoingoja wamlenge akiwa juu. Liyongo hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale yake akiwa amesimama chini. Hadithi inajua kuwa yako makaribisho ambayo sharti lake ni mwalikwa awe juu ya mti. Manju aliyelewa yuko juu ya mti, nasi chini tunamshangilia.

Hapa najua nani atanikatiza, na ningependa anikatize yeye kuliko mwingine yeyote: Bi Kidude. Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa na miaka isiyojulikana hesabu yake, alivuta sigara na kunywa mbele ya kila mtu, katika mji ambao wengi hufanya hayo nyuma ya pazia. Alisimulia mwenyewe jinsi alivyozitoroka ndoa na kwenda bara, akitembea miguu mitupu, akiimba. Alipopewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 alikuwa amekwisha kuwa bibi wa mabibi, na ngoma ya msondo aliipiga amesimama, ameifunga kiunoni, kwa nguvu ambazo vijana hawakuwa nazo. Je, nani angethubutu kumwambia Bi Kidude kuwa ni mhanga? Angekucheka hadharani, na ingekustahili. Kumhurumia mtu mzima kwa jambo alilolichagua ni namna ya kumdharau.

Nakubali, na hoja yangu lazima ipunguzwe kwa kiasi hicho. Mnywaji si lazima awe mtumwa wa mnyweshaji. Bi Kidude alikuwa na ujuzi wake mwingine, alikuwa somo wa unyago, alipaka hina, alijua dawa za mitishamba. Nyumba yake haikusimama juu ya glasi ya mtu. Alikunywa kama mtu anayekunywa, si kama mtu anayelipwa. Lakini hata kwake yeye sisi wasikilizaji hatukuwa safi. Tazama picha zake zilizozagaa duniani. Zenye moshi wa sigara zinapendwa kuliko zenye msondo. Watu walioshindwa kutaja wimbo wake mmoja walijua kwamba bibi kizee wa Kiislamu anavuta na kunywa, na walikuja kuona hilo. Kopo wakati mwingine linamnywesha mtazamaji.

Kuhusu dini sitazungumza mengi, wako wanaojua. Nitakumbusha jambo moja ambalo sote tumelisikia chuoni tukalisahau kwa kuwa halitufai: kwamba katika hadithi ya Mtume iliyo mashuhuri, lawama ya ulevi haikuwekwa juu ya mnywaji peke yake. Imewagusa watu kumi, akiwamo mkamuaji, mbebaji, mbebewa, muuzaji, mnunuzi na mwenye kumimina. Nilipokaa na soda yangu pale Kikuyu nilijiona niko nje ya hesabu hiyo. Kumbe nilikuwa ndani yake mara mbili, kwa kununua na kwa kubeba, na wala sikuionja. Yule mzee alikuwa mmoja tu katika kumi. Huu ni mgawanyo wa haki ambao mahakama zetu za barazani hazijaufikia. Barazani, wote tisa hukaa kumhukumu wa kumi.

Swali lililobaki ni kama mambo yangeweza kuwa vingine, au kama njia ya manju lazima ipite kilabuni. Ushahidi uko katika nchi hiyohiyo ya Wagogo. Hukwe Zawose alizaliwa mwaka 1938 kijijini Doduma, mkoani Dodoma, mtoto wa mazeze na malimba. Mwalimu Nyerere alimsikia, akamwita Dar es Salaam, na baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo. Alisafiri kuliko mpiga zeze yeyote kabla yake. Sahani yake ya Chibite ilitoka mwaka 1996 kwa kampuni ya Peter Gabriel, na mwaka 2002 yeye na mpwa wake Charles walikuwa wakifungua maonyesho ya Gabriel katika kumbi kubwa za Amerika Kaskazini. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Ilimba aliyoipiga ilikuwa na mizizi ileile ya muziki niliousikia Kikuyu. Tofauti haikuwa kipaji peke yake. Nchi ilikuwa imeamua, angalau kwa mtu mmoja na chuo kimoja, kwamba mpiga zeze ni mfanyakazi, ana mwisho wa mwezi kama karani. Zawose aliweza kujenga nyumba iliyojaa wanamuziki, na mwaka 2024 binti na mjukuu wa ukoo huo, chini ya jina la Zawose Queens, walitoa sahani yao wenyewe.

Upande wa pili yuko Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, hatua chache kutoka Kikuyu kwa hesabu ya mtu wa baiskeli. Bendi yake ya Afro 70 iliwachezesha Watanzania wote miaka ya 1970, ikaiwakilisha nchi Lagos mwaka 1977 kwenye tamasha la FESTAC, na baada ya hapo akafika hadi Uswidi kurekodi. Alifariki mwaka 2004. Nyimbo zake ziliendelea kupigwa redioni na kwenye arusi kila wiki, na nchi iliyokuwa ikizicheza haikuwa na sheria ya hakimiliki yenye meno mpaka mwaka 1999. Sitaki kuyasema maisha ya mtu nisiyoyajua. Nasema tu kwamba wimbo uliochezwa mara elfu na kulipwa kwa makofi ni ndugu wa wimbo uliolipwa kwa kopo. Vyote viwili havifiki nyumbani.

Ni nchi hiyohiyo, tena, aliyoipitia Shaaban Robert, aliyefanya kazi Mpwapwa katikati ya miaka ya 1940 kabla ya kurudi Tanga. Alipokuja kuandika wasifu wa Siti binti Saad hakumwanzia kwenye sahani za gramafoni za Bombay. Alimwanzia kwenye umaskini na vyungu alivyokuwa akitembeza kuviuza, na akaonyesha namna sauti ilivyomtoa huko. Mwandishi yule aliijua thamani ya swali la manju anakula nini. Wengi wetu tunaoandika juu ya nyimbo tumeliacha swali hilo kwa wahasibu.

Viroba vilipigwa marufuku Tanzania bara tarehe 1 Machi 2017. Nilifurahi, kisha nikajiuliza yule mzee sasa analipwa kwa nini. Mwaka 2025 nilipata sababu ya kurudi Dodoma, safari hii kwa treni ya umeme ambayo huuvuka uwanda ule kwa saa chache, korongo zote za yule mzee zikipita dirishani kama mistari ya daftari. Nilikwenda Kikuyu. Kilabu kile hakipo, pamejengwa vyumba vya kupangisha wanafunzi. Mama mmoja anayeuza karanga karibu na hapo alimkumbuka.

"Yule wa baiskeli? Alishatangulia, mwanangu. Miaka sasa. Lakini kijana wake anapiga. Nenda kule kwenye nyama choma, jioni utamkuta."

Nilimkuta. Zeze lilikuwa jipya, kibuyu ni kilekile, au nilitaka kiwe kilekile. Wakati anakaza nyuzi alitutajia namba yake ya simu, tarakimu moja moja, mara mbili, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mbuzi, na hakupiga mpaka simu ilipotetemeka mfukoni. Wengine walinuna. Mwanamume mmoja aliyekuwa amekwisha kulewa alimletea glasi iliyojaa, akaishika mbele ya uso wake akimsihi, "Kunywa kwanza, shemeji, ndipo zeze liseme!"

Kijana aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini ya benchi karibu na mguu wake, akapiga. Nilikaa mpaka saa tano ya usiku. Nilipoondoka glasi ilikuwa palepale, imeingia vumbi.